Kurt Schwitters: Msanii wa makaratasi aliyefia ugenini

Kwa sisi tulio nje ya nchi neno makaratasi lina uzito wake. Mtu anaweza kukaa ughaibuni miaka saba, anafanya kazi usiku na kodi analipa, lakini ukimuuliza hali atakujibu kuwa bado anasubiri makaratasi. Leo tunawaletea habari za Kurt Schwitters, Mjerumani aliyeokota karatasi zilizotupwa na kuzifanya sanaa, kisha akafariki Uingereza mwaka 1948, siku moja tu baada ya kupata habari kwamba makaratasi yake yamekubaliwa.

Schwitters alizaliwa mjini Hannover tarehe 20 Juni 1887, akasomea uchoraji Dresden. Mwanzoni alichora picha za kawaida. Huko Paris, mwaka 1912, Picasso na Braque walikuwa wameanza kubandika magazeti na karatasi za ukutani kwenye picha zao, mtindo unaoitwa kolaji. Wao waliujaribu wakaendelea na mengine. Schwitters aliufanya kuwa maisha yake.

Ujerumani iliposhindwa vita mwaka 1918, yeye aliona kila kitu kimevunjika, basi sanaa mpya nayo ijengwe kwa vipande hivyo hivyo. Alipita mitaani akiokota tiketi za tramu, bahasha, waya, vifungo vya nguo na mbao mbovu. Tangazo moja la benki alilolikata lilibakiwa na herufi Merz tu, kutoka neno Kommerz, na mwaka 1919 akalifanya jina la kazi zake zote. Wasanii wa kundi la Dada mjini Berlin (halihusiani na dada zetu!) hawakumpokea vizuri, lakini hakujali. Mchana alitengeneza matangazo ya biashara, yakiwemo ya wino wa Pelikan, ili familia ile. Nyumbani alianza kujenga ndani ya chumba chake mnara wa mbao, plasta na taka, uliokua mwaka hadi mwaka mpaka ukameza chumba na kuingia vyumba vingine.

Wanazi walipochukua nchi, kazi kama zake ziliitwa uchafu. Mwezi Januari 1937 alikimbilia Norway alikokuwa mwanawe Ernst, huku polisi wa siri wakimtafuta. Mwaka huo huo picha zake zilitundikwa Munich kwenye maonyesho yaliyoandaliwa ili watu wazicheke. Mkewe Helma alibaki Hannover kuangalia wazee na nyumba. Alikuwa akienda Norway kumtembelea, lakini baada ya mwaka 1939 hawakuonana tena.

Wajerumani walivamia Norway mwaka 1940. Baba na mwana walipanda meli ya kuvunja barafu iitwayo Fridtjof Nansen wakafika Scotland mwezi Juni. Na hapa ndipo kioja kinapoanza: mtu aliyewakimbia Wanazi akawekwa kambini na Waingereza kwa sababu ni Mjerumani. Alizuiliwa katika kambi ya Hutchinson, mjini Douglas katika Kisiwa cha Man, hadi Novemba 1941. Vifaa vya sanaa vilikuwa haba, kwa hiyo alichora juu ya vipande vya linoleamu ya sakafuni na mbao za masanduku ya chai. Uji uliobaki aliufinyanga kuwa sanamu, zikaota ukungu na kunuka chumba kizima. Wenzake walilalamika, na sisi hatuwalaumu.

Alipoachiwa alihamia London. Mwezi Oktoba 1943 mabomu ya ndege yaliiteketeza nyumba ya Hannover pamoja na mnara wote. Mwaka uliofuata yeye mwenyewe alipata kiharusi, na Oktoba Helma akafariki kwa saratani. Desemba ya mwaka huo huo alifanya maonyesho London, kazi takriban 40, na iliyonunuliwa ilikuwa moja tu.

Mwaka 1945 alihamia Ambleside, kaskazini mwa Uingereza, pamoja na Edith Thomas, mwanamke aliyemtunza na aliyempa jina la utani kwa sababu ya kumuuliza kila mara kama atakunywa chai. Waliishi kwa pesa za picha za sura na za milima alizowauzia majirani. Wengi wao hawakujua kuwa huyu mzee anayeokota takataka anajulikana New York. Makumbusho ya sanaa ya kisasa ya huko ndiyo yaliyompa dola 1,000 mwaka 1947, naye akaanza kujenga tena, safari hii katika banda la mawe kijijini Elterwater. Alikuwa mgonjwa sana, hata hivyo alikuwa akienda karibu kila siku. Alifika ukuta mmoja.

Tarehe 7 Januari 1948, akiwa hospitalini Kendal, ilifika barua kwamba amekubaliwa uraia wa Uingereza. Alifariki siku iliyofuata, akiwa na umri wa miaka 60.

Ule ukuta ulihamishwa mwaka 1965 hadi jumba la sanaa la Hatton, Newcastle, na upo huko hadi leo. Mwenyewe alizikwa Ambleside, lakini mwaka 1970 mabaki yake yalifukuliwa na kurudishwa Hannover. Jiwe la kaburi limebaki Ambleside.