Gor Mahia, mganga aliyefunikwa na miujiza

Wengi hulisikia jina la Gor Mahia uwanjani, kupitia klabu iliyoasisiwa mwaka 1968. Mwenye jina, Gor mwana wa Ogada, alikuwa mganga na chifu wa Kanyamwa, Ndhiwa, katika Homa Bay ya leo, karibu na mpaka wa Migori. Alifariki takriban mwaka 1920.

Masimulizi yamemwachia miujiza pekee: eti aligeuka mtoto, ajuza, hata mnyama, maafisa wa Kiingereza walipomwendea. Ni matamu masimulizi hayo, ila yamemdhulumu. Katika Kiluo, neno yath ni mti na ni dawa vilevile; mganga wa daraja lake hakukosa kuyajua majani. Katika sehemu hizo ogaka, yaani shubiri, ingali yatumiwa kwa homa, na watoto wachanga hunyweshwa mitishamba ili miili yao ihimili maradhi.

Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 iliwafanya waganga wengi wafiche ujuzi wao. Gor naye hakuacha maandishi. Vipimo vya dawa zake alizikwa navyo Kanyamwa.