Philip Omondi: Nyota wa KCC aliyeng’aa wakati mpaka ulipowaka moto

JINA Omondi ni la kawaida sana katika nchi yetu. Kwa desturi ya Wajaluo, hupewa mtoto wa kiume aliyezaliwa alfajiri. Ukipita asubuhi katika mtaa wa Kihoto, kando ya Ziwa Naivasha, ambako wafanyakazi wengi wa mashamba ya maua wamepanga nyumba, huenda ukalisikia likiitwa mara kadhaa kabla hujafika barabara kuu. Hata hivyo, Omondi aliyesifika kuliko wote katika ulingo wa kandanda hakuvaa jezi ya Kenya. Aliivalia Uganda, akawa kipenzi cha Kampala katika mwaka ambao Mkenya aliyeishi huko alikuwa na kila sababu ya kuficha asili yake.

Philip Omondi alizaliwa mwaka wa 1957. Uganda ilikuwa bado chini ya Mwingereza, na reli iliyopita Naivasha na kugawanyika Nakuru, tawi moja likielekea Kisumu na jingine Uganda, ilikuwa mali ya pamoja ya nchi za Afrika Mashariki. Kwa miaka mingi watu kutoka Nyanza walikuwa wameifuata reli hiyo kwenda kutafuta kazi Kampala na Jinja. Walijenga maisha huko, wakazaa, na watoto wao wakacheza mpira wa matambara katika viwanja vya vumbi pamoja na watoto wa Waganda, Wanyoro na Waacholi. Majina yao yalivuka mpaka bila kuulizwa hati.

Hali hiyo haikudumu. Mnamo Oktoba 1970, serikali ya Milton Obote iliwafukuza maelfu ya vibarua Wakenya, ikidai kwamba walikuwa wakiwanyima Waganda ajira. Januari 1971 Idi Amin akatwaa mamlaka kwa mtutu wa bunduki. Omondi alikuwa na umri wa miaka 13 hivi. Alikulia katika nchi ambayo jina la mtu lilianza kuwa na uzito wa hatari.

Klabu iliyompokea ilikuwa na historia ya unyenyekevu. Kampala City Council, au KCC kama wengi walivyoiita, ilianzishwa Aprili 1963 na Samuel Wamala, aliyekuwa msimamizi wa sehemu ya maji taka katika idara ya mhandisi wa jiji. Nia ya kwanza haikuwa kombe, bali kuwapa wafanyakazi wa baraza burudani baada ya kazi. Timu ilipanda ngazi polepole, na kufikia mwaka wa 1974 ikawa inacheza katika daraja la juu.

Yafaa kueleza ligi hiyo ilivyokuwa. Ligi ya taifa ya Uganda ilianza mwaka wa 1968, na bingwa wa kwanza akawa timu ya magereza ya Kampala. Katika miaka iliyofuata, taji lilinyakuliwa na timu ya kahawa, ya jeshi, ya benki na ya kiwanda cha bia. Hizi zilikuwa timu za taasisi, na mchezaji aliingia humo kwa sababu ya miguu yake au ajira yake, si kwa sababu ya ukoo wake. Kando yao ilisimama Express, klabu ya umma yenye mashabiki wengi mno, iliyotwaa ubingwa mwaka wa 1974 na 1975.

Huku Kenya mambo yalichukua mkondo mwingine. Bingwa wa kwanza wa ligi yetu, mwaka wa 1963, alikuwa Nakuru AllStars, timu ya mji iliyowakusanya wachezaji wa kila jamii, ambayo ilishinda tena mwaka wa 1969. Lakini nguvu ilikuwa ikihamia kwa klabu zilizobeba majina ya jamii: Luo Union, Abaluhya, na kuanzia mwaka wa 1968, Gor Mahia. Mashabiki walifurika viwanjani na soka ikachangamka, ila kijana mwenye kipaji alijua mapema mlango gani ungemfungukia na upi ungemtazama kwa jicho la pembeni. Ni mwaka wa 1980 tu ambapo klabu zilishurutishwa kuacha majina ya kikabila, Abaluhya ikawa AFC Leopards.

Omondi hakukabiliwa na swali hilo katika KCC. Alijiunga nayo akiwa bado kijana mbichi, chini ya kocha Jaberi Bidandi Ssali, ambaye baadaye alikuja kuwa waziri katika serikali ya Uganda. Bidandi Ssali alikuwa akijenga kikosi cha vijana, miongoni mwao Tom Lwanga na Moses Nsereko. Katika kikosi hicho Omondi akawa ncha ya mkuki. Alikuwa mshambulizi mwenye akili ya kuona nafasi kabla haijafunguka, na miguu yenye wepesi wa kuitumia ilipofunguka.

Ndipo ukaja mwaka wa 1976. Mnamo Februari, Amin alitangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ilikuwa mali ya Uganda, hadi umbali wa kilomita 32 hivi kutoka Nairobi. Hakuwa amezua historia yote. Ni kweli kwamba hadi mwaka wa 1902 Naivasha, Nakuru na Kisumu zilikuwa katika mkoa wa mashariki wa himaya ya Uganda, kabla ya Waingereza kuuhamishia upande wa Kenya. Ardhi ambayo leo inabeba nyumba za Kihoto iliwahi kutawaliwa kutoka upande huo. Lakini dai hilo lilizua hasira. Wakenya waliandamana, wafanyakazi wa bandari ya Mombasa wakakataa kupakua mizigo ya Uganda, na Amin akalazimika kurudi nyuma.

Mwezi Julai mambo yakaharibika zaidi. Makomando wa Israeli walivamia uwanja wa ndege wa Entebbe kuwaokoa mateka, na ndege zao zikatua Nairobi kuongezewa mafuta. Amin aliona kwamba Kenya ilikuwa imemsaliti. Kisasi kiliwaangukia Wakenya waliokuwa Uganda, na wengi waliuawa. Wengine walikimbia usiku wakiacha kila walichochuma.

Huo ndio mwaka ambao KCC ilitwaa ubingwa wa ligi kwa mara ya kwanza, na kijana wa miaka 19 mwenye jina la Kijaluo alikuwa mmoja wa walioshangiliwa zaidi. Tufikirie jambo hilo kwa utulivu. Jina ambalo kwenye kizuizi cha barabarani lingeweza kumgharimu mtu uhai wake, uwanjani Nakivubo lilitamkwa kwa furaha na maelfu. Katika mwaka huo huo Uganda ilishinda Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati kule Zanzibar, na mwaka uliofuata ikalitetea mjini Mogadishu. KCC nayo ilihifadhi taji la ligi mwaka wa 1977.

Haimaanishi kwamba kandanda ilikuwa kisiwa salama. Mwaka huo wa 1977 utawala wa Amin uliipiga marufuku Express, klabu yenye mashabiki wengi kuliko zote. Mwaka huo pia Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na reli ile ya pamoja ikagawanywa vipande vitatu. Mchezaji aliingia uwanjani akijua kwamba nje ya lango kulikuwa na nchi isiyotabirika.

Kilele cha Omondi kilifika Machi 1978, katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Ghana. Uganda, ikiongozwa na nahodha Jimmy Kirunda, haikupewa nafasi kubwa. Iliilaza Congo mabao 3-1, ikashindwa na Tunisia kwa idadi kama hiyo, kisha ikawashangaza wengi kwa kuizaba Morocco, bingwa mtetezi, mabao 3-0. Katika nusu fainali iliibwaga Nigeria 2-1. Fainali ilichezwa mjini Accra, na wenyeji Ghana wakashinda 2-0, mabao yote mawili yakifungwa na Opoku Afriyie.

Omondi alirejea nyumbani na mabao matatu, sawa na Afriyie na Segun Odegbami wa Nigeria, wakawa wafungaji bora wa mashindano. Kabla yao, Ethiopia ilikuwa imeshinda kombe hilo nyumbani kwake mwaka wa 1962. Uganda yenyewe ilingoja miaka 39 kabla ya kurudi katika fainali hizo, mwaka wa 2017 kule Gabon.

Mwaka huo wa 1978 haukuisha kabla ya KCC kuongeza fahari nyingine. Ilitwaa ubingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati, ikawa klabu ya kwanza ya Uganda kufanya hivyo. Mashabiki wa Kenya wanaikumbuka enzi hiyo vyema, kwa sababu Luo Union ilikuwa imelishinda kombe hilo mwaka wa 1976 na 1977, na baada ya KCC, klabu za Kenya zikalimiliki tena kwa miaka saba mfululizo.

Mnamo Aprili 1979 Amin alipinduliwa na majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda. Amani iliyotarajiwa haikuja upesi. Kama walivyofanya wachezaji wengine wa kizazi chake, Omondi alitafuta riziki ughaibuni, akachezea klabu ya Sharjah katika Falme za Kiarabu. Siku hizo kandanda ya Afrika Mashariki ilikuwa ya ridhaa. Mchezaji bora barani angeweza kupigiwa makofi na watu maelfu Jumamosi, kisha Jumatatu akapanga foleni ya sukari kama wao. Nchi za Ghuba zilikuwa na pesa za mafuta, na hapakuwa na aibu kuzifuata.

Jambo la kukumbukwa ni kwamba alirudi, na aliporudi aliiendea KCC. Ligi aliyoikuta ilikuwa imebadilika. Mpinzani mpya, SC Villa, alikuwa amechipuka, na tangu mwaka wa 1981 hadi 1985 taji lilikuwa likipokezanwa na klabu hizo mbili: KCC mwaka huu, Villa mwaka ujao. Nchi ilikuwa katika vita vya msituni, na Julai 1985 serikali ikapinduliwa tena, lakini Nakivubo kuliendelea kujaa. Kwa wengi, mechi ya KCC na Villa ilikuwa saa mbili za kusahau milio ya risasi. Baada ya kutundika daluga, Omondi hakuiacha klabu hiyo, bali aliitumikia kama kocha.

Aliaga dunia Aprili 1999, akiwa na umri wa miaka 42 hivi. Hakuacha utajiri kama wanaouacha nyota wa siku hizi. Uwanja wa KCC ulioko Lugogo, Kampala, ukapewa jina lake. Baadaye, klabu ilipohitaji fedha, jina la kampuni ya televisheni ya kulipia likabandikwa uwanjani hapo. Kisha kampuni ya simu ikachukua nafasi hiyo, na safari hii jina la Omondi likarejeshwa kando ya lile la mfadhili. Si jambo dogo. Wafadhili huja na kuondoka mkataba unapokwisha, lakini watoto wanaoingia uwanjani humo bado wanauliza Omondi alikuwa nani, na wazee wanawajibu.

Klabu yenyewe ingali hai. Baada ya baraza la jiji kugeuzwa kuwa mamlaka mwaka wa 2011, ikaja kuitwa KCCA. Hapa kuna funzo kwetu sisi wa Bonde la Ufa. Naivasha iliwahi kuwa na mabingwa wake. Oserian Fastac, timu iliyotegemea shamba la maua, ilishinda ligi kuu ya Kenya mwaka wa 2001 na 2002, kisha ikatoweka katika ramani ya soka. Nakuru AllStars, bingwa wetu wa kwanza, ilirejea ligi kuu mwaka wa 2014 na kuteremshwa mwaka uliofuata. Leo mtoto wa Kihoto anayecheza vizuri hana timu ya nyumbani yenye mizizi ya miaka 60 ya kumpokea. Atategemea bahati, au nauli ya kwenda Nairobi.

Omondi alikuwa na bahati ya kuzaliwa mahali ambapo palikuwa na klabu ya mji, iliyoanzishwa na mtu wa maji taka, isiyouliza baba yako ni wa kabila gani. Kipaji alikuwa nacho mwenyewe. Lakini kipaji bila mlango wa kuingilia hubaki hadithi ya mtaani, na mitaa yetu imejaa hadithi za namna hiyo.

Mnamo Agosti 2025, Kenya, Uganda na Tanzania ziliandaa kwa pamoja fainali za CHAN, na CAF ilikwisha kuzipa nchi hizo hizo uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka wa 2027. Mpaka ambao mwaka wa 1976 ulikuwa kaburi la wengi umekuwa njia ya mashabiki wanaosafiri kwa mabasi wakiimba. Wakifika Kampala, wapite Lugogo. Watakuta hapo jina wanalolijua kutoka kwao, limeandikwa kwenye ukuta wa uwanja wa watu wengine, ambao walilifanya kuwa lao.