Harriot Mellon: Mjane aliyechekwa na London nzima, kisha akawa mke wa Duke

MNAMO Juni 16, 1827, mjane mwenye umri wa miaka 49 alifunga ndoa na kijana wa miaka 26 katika nyumba ya mjane huyo iliyokuwa barabara ya Stratton, jijini London. Bibi harusi alikuwa mwigizaji mstaafu aliyezaliwa katika ufukara. Bwana harusi alikuwa William Beauclerk, Duke wa tisa wa St Albans, mwenye cheo cha juu kabisa miongoni mwa makabaila wa Uingereza baada ya wana wa mfalme.

Wachoraji vibonzo walikuwa wamenoa kalamu zao mapema. Kwa miaka kadhaa walikuwa wakimchora Harriot kama jimama lililonenepeana, limekumbatia mifuko ya dhahabu, na siku hiyo waliona Mungu amewapa zawadi. Katika kumbi za mabwanyenye ilisemwa kwamba kijana amenunuliwa na bibi kizee amenunua cheo. Walionena hivyo walisahau, au walijifanya kusahau, asili ya huyo kijana wao.

Harriot Mellon alizaliwa London mwaka wa 1777. Mamake, Sarah, alikuwa mwanamke maskini kutoka Ireland aliyetunza mavazi ya kundi la waigizaji waliotangatanga kutoka mji hadi mji wakiigiza popote walipopewa ghala au ukumbi. Kuhusu babake, mama alishikilia kwamba alikuwa afisa wa jeshi aliyeitwa Luteni Mellon aliyekwenda kuhudumu Madras, India, asirudi tena. Hakuna aliyewahi kumtia machoni. Baadaye Sarah aliolewa na Thomas Entwisle, mpiga muziki wa kundi lilo hilo, naye msichana akalelewa nyuma ya mapazia, akifunzwa kusoma na kusema kwa sauti ili mdomo wake umlishe.

Na kweli ulimlisha. Harriot alianza kuigiza angali mtoto. Kundi lao lilipokuwa Stafford, alionwa na Richard Brinsley Sheridan, mwandishi maarufu wa tamthilia ambaye pia alikuwa mbunge wa mji huo na mwenye usemi mkuu katika ukumbi wa Drury Lane, London. Sheridan alikuwa mwepesi wa kuahidi na mzito wa kutimiza, lakini mama mtu hakuwa wa kuachilia ahadi iende hivihivi. Januari 1795 binti huyo alipanda jukwaa la Drury Lane akiigiza Lydia Languish katika tamthilia ya Sheridan mwenyewe, The Rivals.

Hakuwahi kuwa nyota ya kwanza. Walikuwapo kina Sarah Siddons na Dorothy Jordan, nao walimfunika kama jua linavyofunika taa. Harriot alikuwa mwigizaji wa kutegemewa katika vichekesho: mrembo, mcheshi, mwenye nywele nyeusi, asiyekosa kazi. La ajabu zaidi kwa mwigizaji wa zama hizo ni kwamba sifa yake haikuwa na doa hadi pale alipoanza kutembelewa na mzee mmoja aliyevaa koti kuukuu.

Mzee huyo alikuwa Thomas Coutts, mzaliwa wa Edinburgh, mkuu wa benki ya Coutts iliyokuwa katika barabara ya Strand na iliyotunza fedha za Mfalme George III mwenyewe. Alikuwa mmoja wa watu wakwasi zaidi Uingereza, ingawa mavazi yake yangekufanya umpe sarafu ukikutana naye njiani. Alikuwa pia mume wa mtu. Mkewe, Susannah, alikuwa awali mtumishi katika nyumba ya ndugu yake, naye alimzalia mabinti watatu ambao wote waliolewa na vigogo: mmoja na Earl wa Guilford, mwingine na Marquess wa Bute, na wa tatu na Sir Francis Burdett, mwanasiasa machachari. Kwa miaka mingi Susannah alikuwa ameugua akili na hakuwa mwenzi tena kwa mumewe.

Coutts alipata faraja katika mazungumzo na kicheko cha Harriot. Alimsaidia kwa fedha, na mwigizaji huyo wa vichekesho akaonekana ghafla akimiliki nyumba ya kifahari ya Holly Lodge huko Highgate. Watu walipouliza, waliambiwa ameshinda bahati nasibu. Wachache waliamini. Kama uhusiano wao ulivuka mpaka wa urafiki au la, wao wawili ndio waliojua. London haikungoja ushahidi.

Susannah alifariki mwanzoni mwa Januari 1815. Kabla ya mwezi huo kwisha, Coutts, mwenye umri wa miaka 79, alikuwa amemwoa Harriot, 37, kwa siri katika kanisa la St Pancras. Matanga hayakuwa yameanuliwa. Hata mtu anayemtetea Harriot katika mengine yote hana budi kukiri kwamba hapo mabinti wa marehemu walikuwa na haki ya kukasirika. Mwezi uliofuata alilipa jukwaa mkono wa buriani kama Audrey katika As You Like It ya Shakespeare, kisha ndoa ikatangazwa na kashfa ikapamba moto.

Hizo zilikuwa nyakati ambapo Mwanamfalme George alitawala kwa niaba ya babake aliyepatwa na wazimu, na wakubwa wa London waliishi maisha ya anasa ambayo bado yanalisha riwaya za mapenzi hadi leo. Mwanamfalme huyo alikuwa na vimada bila kuficha. Hata hivyo, jamii iliyomwinamia yeye ilimfungia mlango mke halali wa mwenye benki kwa kuwa aliwahi kulipwa kwa kuigiza. Pesa za Coutts walizikopa, mkewe hawakumtambua.

Ndoa yenyewe ilikuwa ya furaha. Kwa miaka saba Harriot alimtunza mzee kwa mapenzi ambayo hata maadui hawakuweza kuyakana. Coutts alipofariki Februari 1822, akiwa na umri wa miaka 86, ilibainika kwamba mali yake yote, pamoja na fungu lake katika benki, alikuwa amemwachia mkewe aitumie apendavyo.

Hapa panafaa kutua kidogo. Chini ya sheria za Uingereza za wakati huo, mwanamke aliyeolewa hakuwa na mali. Alichoingia nacho katika ndoa kilikuwa cha mume, isipokuwa kama kimewekewa ulinzi maalumu kisheria. Binti asiyeolewa ambaye bado hajawa mtu mzima alikuwa chini ya baba. Mjane, sawa na mwanamke mzima asiyeolewa, alikuwa huru kuweka sahihi yake mwenyewe. Harriot, mtoto wa mtunza mavazi, akawa mwanamke tajiri kupindukia na mshirika mkuu wa benki iliyowahudumia wafalme, pasiwe na mwanamume wa kumwamuru. Jambo hilo liliwaudhi wengi kuliko jukwaa lilivyowahi kuwaudhi.

Aliwatengea mabinti wa kambo pauni 10,000 kila mwaka kwa kila mmoja, ingawa hakuna sheria iliyomlazimisha. Haikumpunguzia matusi. Vijitabu vya kumchafulia jina vilichapishwa, vingine na watu waliotarajia kulipwa ili wanyamaze. Alitoa sadaka nyingi, akaambiwa anajionyesha. Angebana mkono, bila shaka angeitwa bahili.

Wachumba nao hawakukosa kupanga foleni. Miongoni mwao alikuwa kijana William Beauclerk, ambaye mwaka wa 1825 alirithi cheo cha Duke babake alipofariki. Ukoo wake ulikuwa na jina kubwa kuliko mfuko. Alishikilia pia cheo cha kurithi cha mtunza mkuu wa kozi wa mfalme, wale ndege wa kuwindia, na inasemekana ndege hao aliwapenda kwa dhati.

Vuli ya mwaka huo Harriot alisafiri Scotland na kumtembelea Sir Walter Scott, mwandishi wa riwaya aliyekuwa na udugu wa mbali na marehemu Coutts, katika jumba lake la Abbotsford. Msafara wake ulikuwa wa magari saba ya farasi. Kwa kumwonea huruma mwenyeji, manne aliyaacha Edinburgh. Hayo matatu yaliyobaki, kila moja likivutwa na farasi wanne, yalimtosha Lady Scott kushika kichwa. Ndani yake alikuwamo Duke kijana, dada yake Duke, na madaktari wawili, kwa kuwa daktari mmoja angeweza kuugua naye. Walikuwamo pia wajakazi wawili wa chumbani, mmoja wa kumvisha na mwingine wa kukesha naye usiku, maana tangu afiwe aliogopa mizuka.

Nyumbani kwa Scott walikuwapo wageni wengine, wanawake wa koo kubwa. Chakula cha jioni kilikuwa kigumu kumeza. Mabibi hao hawakumtukana Harriot. Walimpuuza kwa ustadi, wakiongea juu ya kichwa chake kana kwamba kiti chake ni kitupu. Naye aliliona hilo na likamuumiza.

Baada ya mlo, Scott alimwita kando aliyekuwa kijana na mwenye cheo kikubwa zaidi miongoni mwao. Alimkumbusha kwamba habari za ujio wa Bi Coutts zilijulikana siku mbili kabla. Asiyetaka kukutana naye alikuwa na muda wa kutosha wa kuondoka, lakini aliyebaki alipaswa kuwa na adabu. Bibi huyo alikubali kosa, akamshukuru, akarudi kuwanong’oneza wenzake. Muda si mrefu Harriot alikuwa akizungumza na kuchekesha katikati yao.

Scott aliwatazama pia wawili hao kwa jicho la mwandishi. Katika shajara yake alipima faida ya kila upande: kijana angepata utajiri mkubwa na mke anayemzidi miaka ishirini na zaidi, naye mjane angepata cheo cha juu na mume anayezidiwa naye akili. Akahitimisha kwamba tofauti ya umri haikumhusu mtu mwingine yeyote. Busara hiyo ilikosekana London.

Duke aliposa, Harriot hakukubali papo hapo. Aliyemwoa kwanza alikuwa mzee kumzidi zaidi ya miaka 40. Sasa kijana aliyezaliwa mwaka wa 1801 alimtaka yeye aliyekaribia 50. Alijua fika kwamba ndege hao wa kuwindia hula nyama. Alimweka akingoja karibu miaka miwili. Alipokubali, utajiri ulibaki mikononi mwake kama Coutts alivyoupanga. Baada ya harusi alimwandikia Scott akistaajabia maisha yake yaliyomtoa katika umaskini wa kutangatanga hadi katika cheo hicho, na katika barua hiyohiyo akamsifu marehemu Coutts kwa moyo wote. Hakuwahi kumficha Duke mapenzi yake kwa marehemu, wala hakuna ishara kwamba Duke alimwonea wivu.

Kuhusu asili ya Duke, cheo cha St Albans kilitolewa na Mfalme Charles II mwaka wa 1684 kwa mwana aliyezaa nje ya ndoa na Nell Gwyn. Nell alikuwa muuza machungwa katika ukumbi wa maonyesho kabla ya kuwa mwigizaji wa Drury Lane. Waliosema kwamba mwigizaji analichafua jina la Beauclerk walikuwa wamechelewa kwa miaka 143.

Ndoa hiyo ilidumu miaka kumi, kati ya London, Holly Lodge na Brighton, kwa karamu na sadaka, bila watoto. Harriot alifariki Agosti 6, 1837, katika nyumba yake ya barabara ya Stratton, akiwa na umri wa miaka 59. Duke alioa tena mwaka wa 1839 na kufariki mwaka wa 1849.

Wosia uliposomwa, London ilipigwa na butwaa kwa mara ya mwisho. Mume aliachiwa posho ya pauni 10,000 kwa mwaka. Kiini cha mali, kilichokadiriwa kuwa karibu pauni milioni 1.8, kilimwendea Angela Burdett, 23, kitinda mimba wa Sir Francis Burdett na mjukuu wa Thomas Coutts. Harriot alikuwa amewachunguza wajukuu wote kimyakimya. Mmoja aliyedhaniwa kuwa mrithi, Lord Dudley Stuart, alikuwa amejiharibia kwa kuoa binti wa ukoo wa Bonaparte wa Ufaransa.

Angela aliongeza jina la Coutts juu ya lake kama alivyotakiwa, akatumia mali hiyo kujenga makanisa, shule na makao ya maskini, nyingine akishirikiana na mwandishi Charles Dickens. Wosia ulikuwa na sharti jingine: asiolewe na mgeni. Mwaka wa 1881, akiwa na umri wa miaka 66, aliolewa na William Ashmead Bartlett, karani wake mzaliwa wa Marekani aliyekuwa na miaka 29, na akapoteza sehemu kubwa ya mapato aliyoachiwa na Harriot.