Henry Moseley, kijana mwenye alipatia kila metali namba yake

Ku Musompo, inje ya muji wa Kolwezi, kazi ya muchimbaji inaishia mbele ya mashini moja ndogo yenye umbo la bastola. Mununuzi anaiweka juu ya jiwe ao juu ya mufuko, anafinya, anangojea sekunde kidogo, kiisha namba zinatokea: shaba asilimia hii, kobalti asilimia ile. Namba hizo njo zinaamua kama mutu atarudia nyumbani na feza ya unga na ya masomo ya watoto, ao na feza ya kulipa deni tu. Watu wote wanaiita Metorex, hata kama imetoka kwa kampuni ingine. Metorex ilikuwa jina la kampuni ya Finland yenye ilitengeneza mashini za namna hiyo, na jina likabakia, sawa vile kalamu yoyote inaitwa Bic.

Malalamiko juu ya mashini hiyo hayaishi. Wachimbaji wengi wanaamini kama inadanganya, wengine wanaona ni sawa uchawi wa wanunuzi. Lakini kazi yake haina uchawi. Inasoma alama yenye kila metali inatoa, na mutu mwenye alifundisha dunia namna ya kusoma alama hiyo alikuwa kijana Mungereza, Henry Moseley. Hakufika hata siku moja ku Katanga. Alikufa akiwa na miaka 27.

Alizaliwa tarehe 23 mwezi wa 11, 1887, ku Weymouth, muji wa kando ya bahari kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa profesere wa anatomia ku Oxford, mutu mwenye alizunguka bahari za dunia na meli ya utafiti yenye iliitwa Challenger. Alikufa wakati mutoto hakukuwa na miaka ine bado. Mama, Amabel, njo alimulea. Kijana akasoma ku Eton, kiisha ku Oxford, na mu mwaka wa 1910 akaenda Manchester kufanya kazi kwa Ernest Rutherford, mukubwa wa fizikia wa wakati ule.

Mwaka ule wa 1910 reli ilifika ku Elisabethville, yenye leo ni Lubumbashi, na mwaka wenye ulifuata shaba ya kwanza ikayeyushwa pale. Muji wa Kolwezi ulikuwa bado. Ulianzishwa mu 1937. Kwa hiyo wakati shaba ya Katanga inaanza kutoka kwa wingi, Moseley alikuwa ku Manchester, karibu kuuliza ulizo lenye hakuna mwenye alikuwa amelijibu vizuri: shaba ni kitu gani kabisa? Ni nini inafanya shaba ikuwe shaba, isikuwe zinki ao kobalti?

Wataalamu wa kemia walikuwa na jibu lao. Walipanga elementi zote kwa uzito, kuanzia yenye iko nyepesi mupaka yenye iko nzito. Mupango ule ulikuwa unaenda muzuri, lakini fasi fulani ulikuwa unakwama. Fasi moja ilikuwa kobalti. Ukifuata uzito tu, nikeli inapaswa kutangulia, sababu atomu yake iko nyepesi kidogo kuliko ya kobalti. Lakini tabia zao zinaonyesha kama kobalti njo ya mbele. Watu wa kemia waliiweka mbele bila kuwa na sababu ya wazi, wakaendelea.

Moseley hakupima uzito. Alitumia miali ya X, ile yenye inatumiwa ku lopitali kwa kupiga foto ya mufupa. Ilikuwa imejulikana tangu 1895, na kisha hapo watu waligundua kama kila metali ikipigwa na nguvu ya kutosha inatoa miali ya X yake yenyewe. Mu 1912, Ujerumani, watu walionyesha kama kristali inaweza kutawanya miali hiyo. Moseley akaunganisha mambo hayo mawili.

Vyombo vyake vingechekesha fundi wa leo. Ndani ya bomba la kioo lenye lilitolewa hewa, aliweka kagari kadogo juu ya reli. Juu ya kagari alipanga vipande vya metali mbalimbali. Alikuwa anakavuta na uzi wa hariri, uzi wa kuvulia samaki, mupaka kipande chenye anataka kifike mbele ya elektroni. Elektroni zinagonga metali, metali inatoa miali, miali inapita ku kristali, na kristali inaitupa juu ya kioo cha foto, kila mumoja fasi yake. Akisafisha foto, anaona mistari miwili. Hapana picha ya metali, mistari tu. Lakini mistari ya chuma haianguke fasi moja na ya shaba, na ya shaba haianguke fasi moja na ya zinki.

Namna gani mistari inatokea? Atomu ni sawa watu wenye wamekaa kuzunguka moto, wengine karibu, wengine mbali. Elektroni yenye inatoka inje inagonga mumoja wa karibu, anaondoka. Kiti chake hakibakie wazi, mwenye alikuwa nyuma anakuja kukikalia, na wakati anasogea anatoa mwali. Nguvu ya mwali huo inafuata nguvu ya kile kiko katikati ya atomu. Kwa sababu hiyo metali haiwezi kujificha. Shaba ikiwa ndani ya jiwe, ndani ya waya ao ndani ya sanamu ya kanisa, inatoa mwali ule ule.

Kwa majuma machache ya mwisho wa 1913, akifanya kazi mupaka usiku sana, Moseley alipima elementi kumi, kuanzia kalsiumu mupaka zinki. Alipopanga foto moja chini ya ingine, mistari ilishuka sawa ngazi ya nyumba, kila hatua sawa na ingine. Akafanya hesabu ya racine carrée ya namba za miali, na akaona mustari wenye umenyooka. Hatua moja, elementi moja. Chuma 26, kobalti 27, nikeli 28, shaba 29, zinki 30. Namba ile ni hesabu ya umeme wenye uko katikati ya atomu, na njo inaonyesha kitu ni nini, hapana uzito. Kobalti ikapata kiti chake halali mbele ya nikeli.

Kuna jambo lingine dogo ndani ya foto zile, lenye kwa watu wa Lualaba ni kubwa. Kipande cha kobalti cha Moseley hakikuwa safi. Pembeni ya mistari ya kobalti alikuta mistari ya chuma na ya nikeli. Alipoweka shaba nyeupe yenye kuchanganywa na zinki, ile mafundi wanaita laiton, alikuta mistari ya shaba na ya zinki pamoja. Mutu mwingine angekasirika juu ya uchafu huo. Yeye aliandika kama njia hii inaweza kuwa chombo cha nguvu cha kujua nini iko ndani ya kitu. Pale njo mahali Metorex ilianzia. Ile ya leo haitumie elektroni kugonga jiwe, inatuma miali ya X yenyewe, na pahali pa kioo cha foto kuna kipande cha elektroniki chenye kinahesabu mwali mumoja mumoja. Lakini inatafuta mistari ile ile.

Mu 1914 akarudia Oxford, akafanya kazi bila mushahara. Georges Urbain, mutaalamu Mufaransa mwenye alipoteza miaka mingi akitenganisha metali zenye kufanana sana, alimuletea vipande vyake kutoka Paris. Kwa siku chache Moseley akamuambia nini iko ndani. Alipanda ngazi yake mupaka ku zahabu, namba 79, na akaona mashimo: 43, 61, 75. Elementi hizo hazikukuwa zimejulikana, lakini viti vyao vilikuwa vinangojea. Namba 75 ilipatikana mu 1925 kwa njia ya miali ya X, zile zingine mbili nyuma kabisa.

Lakini ngazi ya Moseley haisemi kitu kimoja, na ku Musompo kitu hicho kinaletea watu hasara kila siku. Mwali wa shaba yenye iko ndani sana ya jiwe hautoke. Jiwe lenyewe linaumeza njiani. Mwenye unafika ku mashini ni ule wa ngozi tu, sehemu ndogo ya milimita. Hata ku Manchester, elektroni zilikuwa zinagonga uso wa metali tu.

Mu viwanda, udhaifu huo umekuwa faida. Bati la manjanja ni chuma chenye kupakwa zinki. Zinki ikiwa nyembamba, manjanja inashika kutu haraka. Wenye kuzitengeneza wanaweza kupima unene wa zinki bila kukwaruza: kadiri zinki inaongezeka, mistari ya zinki inapata nguvu na mistari ya chuma ya chini inafifia, sababu zinki inaimeza. Ukilinganisha hizo mbili, unajua unene. Vilevile kwa zahabu nyembamba yenye inapakwa ndani ya vyombo vya elektroniki.

Juu ya jiwe la Kolwezi, ngozi inaweza kudanganya kwa upande wowote. Malakiti ya kijani inapenda kufunika jiwe sawa ganda. Ukipima ganda, namba inapanda, na ndani kuna mwamba tu. Kobalti nyeusi nayo inaweza kufichwa na udongo mwekundu. Ukipima udongo, namba inashuka, na mwenye jiwe analia. Maji nayo yanaharibu hesabu, na wanunuzi wanajua. Kwa hiyo kupima mara moja juu ya jiwe moja la juu ya mufuko haimaanishe mufuko. Laboratware yenye inafanya kazi vizuri inachukua mawe kutoka pande zote za mufuko, inayakausha, inayasaga kuwa unga, inachanganya unga, kiisha inapima mara nyingi na kufanya wastani. Na mbele ya kuanza, inajaribu mashini kwa unga wenye namba yake inajulikana. Muchimbaji mwenye anauliza mambo hayo mbele ya depo hafanye kiburi. Anauliza tu kile Moseley angeuliza.

Moseley mwenyewe hakuona mashini yoyote ya namna hiyo. Mu mwezi wa 8, 1914, alikuwa Australia pamoja na mama yake, ku mukutano wa wanasayansi, wakati vita ilianza. Akarudia Uingereza haraka, akaingia jeshi. Rutherford alijaribu kumupatia kazi ya utafiti ili asipelekwe mbele, lakini haikufaulu. Wakamufanya ofisa wa mawasiliano, wakamutuma ku Gallipoli, Uturuki. Tarehe 10 mwezi wa 8, 1915, alikuwa ku telefone akipitisha amri wakati risasi ilimupata ku kichwa.

Ndani ya testama yake aliachia mali yake yote Royal Society, chama cha wanasayansi wa Uingereza, itumikie majaribio. Mswedi Manne Siegbahn, mwenye aliendelesha kazi ya miali ya X, alipewa zawadi ya Nobel ya mwaka wa 1924. Kaburi la Moseley halijulikane. Jina lake limeandikwa ku ukumbusho wa Helles pamoja na majina ya maaskari maelfu wengine, na vyombo vyake bado viko ku muze moja ya Oxford.