Clair Patterson, aliyeifuata risasi hadi ilikotoka

SISI tuliosoma ukimbizini Tanzania katika miaka ya 1990, neno risasi tulilijua kwanza kwa mlio wa bunduki. Ni darasani, kambini mkoani Kigoma, nilipojifunza kuwa risasi ni madini, tena ni sumu. Leo nafundisha kemia nyumbani Burundi, na kila mwaka nawasimulia wanafunzi habari za Clair Patterson.

Alizaliwa mwaka 1922 katika jimbo la Iowa, Marekani. Risasi ina aina nne ziitwazo isotopi: 204, 206, 207 na 208. Tatu za mwisho huongezeka kadiri urani na thori zinavyovunjika. Kwa kupima uwiano wake katika vimondo, mwaka 1956 Patterson alitangaza kuwa dunia ina umri wa miaka bilioni 4.55.

Katika kazi hiyo aliona vumbi la risasi limezagaa hata maabara. Alipopima maji ya bahari na barafu ya kale ya Greenland, akakuta imeongezeka mno zama za viwanda. Alishuku petroli, iliyotiwa risasi tangu miaka ya 1920 ili injini isigonge.

Isotopi zilitoa ushahidi. Risasi ya kila mgodi ina uwiano wake, nao haubadiliki hata ikiungua. Mwaka 1965, Chow, aliyewahi kufanya utafiti na Patterson, na mwenzake Johnstone walionyesha kuwa risasi iliyomo hewani Los Angeles inalingana na ya petroli. Moshi haukuweza kukana kwao.

Patterson alisema wazi, na ikamgharimu. Alinyimwa fedha za utafiti, na mwaka 1971 akaachwa nje ya jopo la kitaifa lililochunguza risasi hewani. Hakunyamaza. Alifariki Desemba 1995, wiki chache kabla Marekani haijapiga marufuku petroli hiyo kwa magari ya barabarani. Afrika kusini mwa Sahara iliiacha mwaka 2006, na Algeria ikawa ya mwisho duniani mwaka 2021.

Ndugu zangu wa mpakani, petroli ya magari mnayobeba kwenye madumu haitiwi risasi tena. Lakini betri kuukuu za magari bado zinayo. Zisivunjwe wala kuyeyushwa wanapocheza watoto.