Christopher Strachey na ukoo wa lugha za kompyuta usiokubaliana kuhusu namba

Kijana wa Manibe, Arua, anayejifunza kuandika programu hukutana mapema na jambo la kushangaza: C na Java ni lugha za ukoo mmoja, lakini hazikubaliani kuhusu ukubwa wa namba. Asili ya mvutano huo inarudi hadi kwa Mwingereza Christopher Strachey.

Strachey alizaliwa London tarehe 16 Novemba 1916, akasoma Cambridge, kisha akawa mwalimu wa shule. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, akiwa bado anafundisha Harrow, aliandika programu ya kuchezesha drafti kwenye kompyuta.

Miaka ya 1960, yeye na wenzake wa Cambridge na London walibuni lugha ya CPL, iliyotenganisha aina za data: namba kamili, desimali, maandishi. Ilikuwa kubwa mno kwa mashine za wakati ule. Mwaka 1967, Martin Richards wa Cambridge aliipunguza ikawa BCPL, ambamo kila kitu kilihifadhiwa kama neno moja la mashine. Nchini Marekani, Ken Thompson akaitumia kuunda lugha ya B. Lakini kompyuta ya PDP-11 ilihesabu kumbukumbu baiti kwa baiti, na herufi ikahitaji nafasi ndogo kuliko namba. Kwa hiyo Dennis Ritchie akarudisha aina za data, na C ikapatikana takriban mwaka 1972.

C iliiachia kila mashine kuamua ukubwa wa namba. Java, iliyotolewa mwaka 1995 ili programu moja ifanye kazi sawasawa kote, ilifunga namba yake ya kawaida kwenye biti 32.

Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Namba ya biti 16 hukomea 32,767. Malipo ya mkulima ya shilingi 40,000 yakiingizwa humo yanaweza kusomeka kama deni la 25,536. Mwaka 1996, kosa la kubana namba kubwa ndani ya biti 16 liliangamiza roketi ya Ulaya, Ariane 5, kabla dakika moja haijatimia tangu iruke.

Strachey aliongoza utafiti wa programu katika Chuo Kikuu cha Oxford, akitafuta msingi wa kihisabati wa maana ya lugha hizo. Alifariki tarehe 18 Mei 1975, akiwa na umri wa miaka 58. Mihadhara yake ya mwaka 1967 kuhusu misingi hiyo, iliyosambaa kwa nakala mikononi mwa wanazuoni, ilichapishwa rasmi mwaka 2000.