Evaristo Muyinda: Mwalimu Aliyeitoa Ngoma Kasrini

Askari aliyepata kupangiwa kazi katika wilaya ya Kasese, iwe Bulembia kwenye mabonde yaliyo chini ya milima ya Ruwenzori, iwe Bwera karibu na mpaka wa Mpondwe, huenda amekwisha kuiona endara ya Wakonzo. Ni marimba makubwa. Mbao nzito hulazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba, watu kadhaa wakaipiga kwa pamoja, na wanakijiji wakacheza mpaka vumbi likapanda. Sherehe ikiisha, mbao hukusanywa na kuwekwa pahali pakavu, na vigogo vya mgomba huachwa vioze. Mara nyingine vitakatwa vipya.

Mgeni anaweza kudhani kwamba ngoma imo katika zile mbao. Lakini mbao pasipo mtu ajuaye kuzipanga na kuzipiga ni kuni tu. Ngoma hukaa ndani ya watu, nao watu hufa. Kwa hiyo kila kabila lenye ngoma linahitaji mtu wa namna moja ambaye hatajwi sana katika vitabu vya historia, naye ni mwalimu wa ngoma. Leo tunakumbuka maisha ya mmoja wao, hayati Evaristo Muyinda wa Buganda, aliyetumia umri wake mzima akifundisha. Mafunzo yake yalipata kuwa akiba siku ambayo nyumba ya ngoma yenyewe ilivunjwa.

Muyinda alizaliwa mwaka 1914 huko Nabbale katika jimbo la Kyaggwe, mashariki ya Kampala. Ngoma za Baganda ziko pia katika vijiji na nyumba za watu wa kawaida, lakini katika zama zile heshima yake kuu ilikuwa katika Lubiri, kasri ya Kabaka iliyoko Mengo. Huko vilikuwako vikundi vingi vya wapigaji, na kila kimoja kilikuwa na kazi yake. Walikuwako wapiga mapembe, wapiga filimbi, wapiga vinubi na wapiga marimba. Walikuwako pia wapigaji wa entenga, ngoma kumi na tano zilizopangwa pamoja na kupigwa na watu sita, ambazo kumi na mbili kati yake zililingana sauti kama mbao za marimba. Entenga haikupigwa penginepo ila kwa Kabaka. Ufundi huo ulitoka kwa baba kwenda kwa mwana, au kwa mpwa, na haukutangazwa sokoni.

Kijana Muyinda aliingia katika utumishi huo, akawa miongoni mwa wapigaji wa Kabaka Mutesa wa Pili, aliyerithi kiti mwaka 1939. Chombo chake hasa kilikuwa marimba, nayo katika kasri yalikuwa ya aina mbili. Amadinda yana mbao kumi na mbili na hupigwa na watu watatu. Akadinda ni makubwa zaidi, yenye mbao kumi na saba au ishirini na mbili, na wapigaji wake ni watano au sita.

Yafaa tueleze kidogo namna amadinda yanavyopigwa, maana hapo ndipo ilipo siri ya mwalimu huyu. Mpigaji wa kwanza, aitwaye omunazi, huanza kupiga mfululizo wa sauti kwa mwendo ulio sawa, bila kuharakisha wala kuchelewa. Wa pili, omwawuzi, huketi akimkabili, naye hutia mapigo yake katikati ya mapigo ya mwenzake, kama mtu apandaye mahindi kati ya mistari ya maharage. Wa tatu, omukoonezi, ana mbao mbili tu, nazo huzigonga mahali maalumu ili kuufunga wimbo usifumuke. Mapigo ya wawili wa kwanza yakichanganyika huwa ya kasi mno, na msikilizaji husikia nyimbo ambazo hakuna hata mmoja wa wapigaji anayezipiga peke yake. Wimbo ni wa wote watatu, na akikosea mmoja, umevunjika.

Askari ataelewa upesi. Kikosi katika gwaride hakina mtu mmoja aliye gwaride. Kila mtu ana hatua yake, naye huifuata kwa kusikiliza hatua za wenziwe. Hata ufundishaji unafanana. Katika nchi ya Ireland, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, walikuwako walimu wa kucheza waliotembea kijiji hata kijiji, wakikaa wiki chache kila mahali na kufundisha watoto wa wakulima. Inasimuliwa kwamba mwanafunzi asiyejua kulia na kushoto alifungwa majani makavu katika mguu mmoja na mabua katika mguu wa pili, ndipo mwalimu akaita majani, mabua, majani, mabua. Hadithi iyo hiyo husimuliwa juu ya wakufunzi wa makuruta katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Waairishi walitawaliwa na Waingereza kwa muda mrefu, na lugha yao ikadhoofika sana. Walipounda chama cha kufufua lugha hiyo mwaka 1893, walishika na michezo yao pia, na walimu wa kucheza wakawa watu wa kutegemewa.

Muyinda naye alikuwa na njia yake. Hakuanza kwa maelezo marefu. Alimketisha mwanafunzi mbele ya mbao, akampa mikwiro miwili, akamfundisha safu moja ya mapigo mpaka mikono ikaizoea. Kisha yeye mwenyewe akaingia na mapigo yake katikati. Hapo mwanafunzi alistuka, maana alisikia wimbo mwingine kabisa na akapotea. Akarudia, akapotea tena. Siku alipoweza kushika safu yake bila kuvutwa na ya mwenzake, ndipo alipokuwa amejifunza jambo la kwanza.

Jambo lililomtofautisha Muyinda na mafundi wengine wa kasri ni kwamba alikubali kufundisha watu wa nje. Fursa hiyo ilitokea katika Jumba la Makumbusho la Uganda, lililoanzishwa mwaka 1908. Kuanzia mwaka 1948 mpaka 1957 msimamizi wake alikuwa Klaus Wachsmann, mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa amekwisha kukaa Uganda tangu miaka ya thelathini na kurekodi nyimbo za makabila mengi ya nchi. Wachsmann hakutaka vyombo vya muziki vikae katika makabati ya vioo kama wanyama waliokaushwa. Alitaka vipigwe, na wageni wasikie. Muyinda akaajiriwa hapo, na jengo jipya lilipofunguliwa mwaka 1954 akaendelea kupiga na kufundisha.

Mwishoni mwa mwaka 1959 alifika hapo kijana mmoja wa Austria, Gerhard Kubik, aliyekuwa amesafiri kutoka Ulaya kwa kuomba lifti njiani. Aliomba afundishwe, na Muyinda akamketisha mbele ya amadinda kama alivyomketisha mtoto yeyote wa Kyaggwe. Mwaka 1960 Kubik aliandika makala iliyoeleza kwa mara ya kwanza, kwa wasomi wa dunia, jinsi sauti za amadinda zinavyozaa nyimbo ambazo hazipigwi na mkono wa mtu mmoja. Baadaye alikuwa mmoja wa wataalamu wakubwa wa muziki wa Afrika. Majarida yalichapisha jina lake, lakini mlango aliingilia kwa mwalimu mweusi aliyeketi juu ya mkeka.

Muyinda hakufundisha wageni peke yao. Huko Salama, katika Kyaggwe yake, kilikuwako chuo cha vipofu kilichofundisha kilimo. Alikwenda akawafundisha vipofu hao akadinda. Tufikirie kazi hiyo. Mwanafunzi haoni mbao, haoni mkono wa mwenzake, haoni mwalimu anaponyoosha kidole. Ana masikio yake tu na vidole vyake. Lakini ngoma hii, kama tulivyosema, hukaa katika masikio. Wale vipofu wakawa wapigaji hodari, wakajulikana na kurekodiwa, na watu waliozoea kuwahurumia wakawa wanawasikiliza.

Tena alijaribu jambo jipya. Kasrini kila chombo kilikuwa na kikundi chake. Muyinda akakusanya zeze, kinubi, filimbi, marimba na ngoma katika kundi moja, akaliita okestra ya Kiganda. Kwa desturi ya Lubiri huo ulikuwa mchanganyiko mgeni. Hata hivyo, anayehudhuria mashindano ya shule za Uganda siku hizi huona vyombo vya namna nyingi vikipigwa pamoja jukwaani, na watoto wakicheza mbele yake.

Sasa tufike katika siku ambayo haiwezi kurukwa. Tarehe 24 Mei 1966 ugomvi kati ya serikali ya Rais Milton Obote na Kabaka Mutesa wa Pili ulifikia kilele. Jeshi, likiongozwa na Kanali Idi Amin, lililishambulia kasri la Lubiri. Watu wengi waliuawa. Kabaka alitoroka kwa kupanda ukuta, akapitia Burundi hata Uingereza, akafariki London tarehe 21 Novemba 1969. Mwaka 1967 katiba mpya ilifuta falme zote za Uganda. Lubiri ikawa kambi ya askari kwa miaka mingi.

Katika shambulio hilo vyombo vya muziki vya kasri viliharibiwa, na wapigaji waliosalia walitawanyika. Mtu aliyeishi kwa kumpigia Kabaka alirudi kijijini akashika jembe. Wengine hawakushika tena mkwiro, ama kwa hofu, ama kwa huzuni, ama kwa sababu hapakuwa na wa kumpigia. Sisi tuvaao sare hatuna budi kulitazama jambo hili bila kupepesa macho. Bunduki haikulenga ngoma siku ile, lakini ngoma ilikuwa ndani ya ua, na kilichomo ndani ya ua hupatwa na mapatwa ya ua.

Hebu tulinganishe. Entenga, iliyokuwa ya Kabaka peke yake na isiyofundishwa nje, ilinyamaza. Kwa muda wa karibu miaka hamsini ilibaki katika kumbukumbu za wazee wachache, mpaka miaka ya karibuni wazee wa mwisho walipopata nafasi ya kuwafundisha vijana. Ingechelewa kidogo tu, ingekwenda nao kaburini. Lakini amadinda hayakunyamaza hivyo. Yalikuwa yamekwisha kutoka. Yalikuwa katika makumbusho, yalikuwa Salama mikononi mwa vipofu, yalikuwa katika maandishi ya wasomi na katika masikio ya wanafunzi waliotawanyika. Katika kutoka huko, Muyinda alikuwa na sehemu kubwa kuliko mtu mwingine tunayeweza kumtaja.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu kwa Uganda nzima. Serikali zilipinduliwa, vita vikapigwa, uchumi ukaanguka. Katika miaka hiyo yote Muyinda aliendelea na kazi ile ile. Alisafiri Ulaya kuonyesha ufundi wake, na mwaka 1991 huko Uholanzi ilitolewa sahani ya muziki wa Baganda kama ulivyokuwa ukipigwa zamani katika kasri ya Kabaka, naye akiongoza. Wakati huo kasri ile ilikuwa bado haina Kabaka.

Mwaka 1993 serikali ilirudisha falme, na tarehe 31 Julai mwaka huo Ronald Muwenda Mutebi wa Pili alitawazwa kuwa Kabaka. Katika mwaka huo huo Evaristo Muyinda alifariki dunia, akiwa na umri wa karibu miaka themanini. Kiti kilipata mwenyewe, na mwalimu akapumzika. Walipotafutwa watu wa kupiga marimba ya kifalme, walipatikana.

Ndugu askari, wengi wetu tunatoka katika vijiji vyenye ngoma zake, na tunapangiwa kazi katika vijiji vya wengine vyenye ngoma zao. Ukiwa Bulembia au Bwera, na jioni ukasikia mbao zikilia ng'ambo ya mto, usidhani ni makelele ya watu wasio na kazi. Pana mzee hapo ambaye amebeba jambo lisiloandikwa, na huenda hana ila wanafunzi wawili. Ulinzi wa nchi una sehemu nyingi. Mipaka hulindwa kwa kuwekewa mlinzi na kufungwa malango. Ngoma hulindwa kwa kufunguliwa malango, ili siku nyumba moja ikianguka, wimbo uwe umekwisha kufika nyumba ya pili. Hayo ndiyo aliyoyatenda mtoto wa Nabbale, akiwa na mikwiro miwili mkononi na mwanafunzi mmoja mbele yake.